Maswali ya wasomaji: Ukisifiwa, ujibu nini?

SWALI: Mimi ni mwanakwaya. Nikisifiwa hujibu, "Mimi si kitu, wala kuimba sijui." Mwenzangu ananiambia hicho ni kiburi kilichovaa joho. Ni kweli?

JIBU: Hakukosea sana. Kuimba unajua, na aliyekusifu analijua hilo. Ukikana, unamlazimisha akusifu mara ya pili: "Aa, usiseme hivyo, unaimba vizuri mno!" Sifa ya sentensi moja sasa imekuwa maongezi marefu, na yote yanakuhusu wewe. Sema "Ahsante, namshukuru Mungu," mtaje aliyekufundisha sauti yako kama yupo, kisha mjulie hali huyo aliyekusifu. Basi.

Petro naye aliponzwa na heshima ya namna hiyo. Katika Yohana 13, Yesu aliweka kando mavazi yake, akajifunga kitambaa kiunoni, akaanza kuwatawadha wanafunzi miguu. Petro akagoma: "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Ukimsikia utadhani ni mnyenyekevu, kumbe anampangia Bwana wake la kufanya. Petro huyohuyo ndiye anayeandika baadaye, "jifungeni unyenyekevu, mpate kuhudumiana" (1 Petro 5:5). Angalia kitenzi: kujifunga, kama mtu anayeingia kazini. Aproni hujifungi ili utazamwe, vyombo vinakungoja.

Kwa hiyo usijipime kwa sifa, jipime kwa masahihisho. Mwalimu wa kwaya akikwambia mbele ya wenzako kwamba umeshuka sauti, neno gani linakutoka kwanza? "Nina mafua"? "Besi ndio walionipoteza"? Jizoeze hivi: rudia kwa maneno yako alichokuambia, kiimbe tena kipande kilekile, na kama bado unaona amekuonea, mfuate baada ya mazoezi mkiwa wawili. Wengi hukwama hapo mwanzoni, kwa sababu utetezi huwa umeshafika mdomoni kabla sikio halijamaliza kazi.

SWALI: Mimi ni mzee wa kanisa. Nilimfokea kijana mbele ya kamati, kumbe kosa ni langu. Nikimwomba radhi, sitaivunjia heshima nafasi yangu?

JIBU: Mzee wetu, heshima ilivunjika siku ile ulipofoka. Litaje kosa lenyewe: "Nilisema umepoteza daftari la sadaka, lilikuwa kwangu." Usiseme "kama nilikukwaza", maana hiyo "kama" inamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha. Na usimalizie kwa "lakini". Liseme mbele ya kamati ileile. Aibu aliipatia pale, na radhi ya faraghani haitaifuta. Wala usimdai akusamehe papo hapo.

Zakayo, yule mtoza ushuru, hakuishia kwenye maneno: aliahidi kumrudishia mara 4 yeyote aliyemdhulumu (Luka 19:8). Kama kwa sababu ya daftari hilo ulimwondoa kijana kwenye zamu ya kuhesabu sadaka, mrudishe Jumapili hiihii.