Mawaridi ya Karatasi Yanafumuka, Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mie niko Ujiji huku Kigoma, natengeneza kadi kwa mkono, sasa dada yangu ana sendofu mwezi ujao kanipa kazi ya kadi zote, za michango na za mwaliko. Shida ni haya mawaridi ya karatasi, nayakata vizuri nayaviringisha vizuri, asubuhi nikiamka nakuta yamefumuka yamebaki kama maganda ya chungwa. Gundi nimebadilisha mpaka basi. Na nikitumia zile karatasi za kuvutika za kupambia ukumbi, rangi inachuja kwenye kadi nyeupe. Nisaidie jamani.
Binti wa Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu, hongereni kwa shughuli. Gundi usiisingizie sana, anza na karatasi. Manila nzito ya gramu 200 na kuendelea (huo ni uzito wa karatasi kwa mita moja ya mraba) kwa waridi dogo ni kujitafutia ugomvi, karatasi nene ukiikunja inataka kurudi ilivyokuwa. Tafuta ya gramu 120 hivi, ukikosa hata ya fotokopi ya rangi, ile ya gramu 80, inaenda, ila ua litakuwa laini.

Kata mduara wa sentimita 10, halafu ukate kwa kuzunguka kutoka nje kuja ndani, upana wa sentimita 1 hivi, na katikati bakisha kiduara, usikitupe, hicho ndo kila kitu. Utepe wote upitishe kwenye mgongo wa mkasi ujikunje kabla hujaanza. Viringisha kuanzia ncha ya nje kwa kijiti cha mshikaki au spoku ya baiskeli, ukifika mwisho usiling'ang'anie, liachie lifunguke lenyewe mpaka saizi unayoitaka, ndo unapaka gundi kwenye kile kiduara unalikalisha juu yake, kila mzunguko wa karatasi uguse gundi. Wengi wanagundisha ule mkia wa mwisho tu, sasa huko ndani kunashikwa na nini? Gundi nyeupe inachelewa kukauka, kwa hiyo litumbukize ua kwenye kizibo cha soda, kingo zake zinalibana mpaka asubuhi. Supa gluu achana nayo, inaacha ukungu mweupe na karatasi inakakamaa.

Na huko kwenu ziwa liko mlangoni, mvua zikianza karatasi inavuta unyevu inalegea, maua yaliyokauka yafungie kwenye ndoo yenye mfuniko.

Zile za kuvutika rangi yake inayeyuka kwenye maji, na gundi nyeupe ni ya maji, lazima ichuje. Tumia gundi ya moto, au solotepu ya pande mbili siku umeme ukikatika.

Ila nikwambie ukweli, kadi za michango usizihangaikie na mawaridi. Mtu akiipokea anaangalia jina na tarehe ya mwisho, ua halimfanyi aongeze hata buku, na ndani ya bahasha linapondeka. Weka petali bapa tano, mbili juu ya tatu, zikunje ncha kidogo kwa kalamu, yatosha. Mawaridi yaweke kwenye mialiko utakayopeleka mkononi.

SWALI: Shangazi habari, nina albamu ya picha za familia nataka kuipamba, naweza kukata maua kwenye magazeti ya zamani?
Msomaji, Tabora

JIBU: Nzuri mwanangu. Kwenye kadi kata tu, maandishi yale yanapendeza. Kwenye albamu hapana, karatasi ya gazeti ina lignini nyingi, ile dutu ya kwenye mbao inayobaki kwenye karatasi, inageuka njano na kukatika, na asidi yake inahamia kwenye picha iliyolala nayo. Nunua karatasi isiyo na asidi, imeandikwa kwenye paketi, ukiikosa basi ua likae mbali na picha. Na kama picha zako zimeprintiwa kwa inkijeti, gundi ya maji usiisogeze, wino unatembea.