Muulize Fundi: Pwani ya baiskeli iko nyuma ya bahari

Maswali ya mwezi huu yanajibiwa na fundi wetu wa baiskeli wa Kawangware, mzaliwa wa Kaloleni.

Fundi, shikamoo. Mimi na wenzangu wawili tunataka kuendesha Pwani mwezi wa nane, siku tatu hivi. Kwenye ramani tumeona barabara ya Mombasa kwenda Malindi ndiyo inayofuata bahari. Ila jamaa yetu anayeendesha lori huko ametukataza kabisa. Kuna njia tulivu?
*Msomaji, Ongata Rongai*

Marahaba, mwanangu. Huyo dereva mnunulieni soda, amewafaa.

Barabara hiyo si ya starehe. Kuanzia Nyali, Bamburi hadi Mtwapa ni matatu, tuktuk na malori ya saruji, na mle ambamo upanuzi umekuwa ukiendelea, mwendesha baiskeli hana pake. Kibaya zaidi, bahari yenyewe hamtaiona. Kati yenu nayo kuna kuta za hoteli na viwanja vya watu, na mkifika Vipingo ni mkonge mpaka macho yachoke. Maji mtayaona mkivuka madaraja, basi. Mtu atoke Rongai aende akanuse moshi wa lori ambao angeunusa hapo Mlolongo bila nauli!

Utulivu wa Pwani uko nyuma, bara kidogo, kwenye vilima vya Wamijikenda. Njia ninayowapa ni Mariakani, Kaloleni, Mavueni, kisha Kilifi. Ni lami mwanzo hadi mwisho, haizidi kilomita 70, na inawakwepesha Mombasa yote. Pandeni basi la usiku, mshuke Mariakani kabla ya kufika mjini. Mtaijua kwa foleni ya malori kwenye mizani. Hapo msikae. Kunyweni chai, fungeni magurudumu, kateni kushoto kwenda Kaloleni, na baada ya muda mfupi mtaanza kusikia cheni zenu wenyewe.

Kuhusu basi: elewaneni bei ya baiskeli na karani ofisini mchana, si na makanga saa tatu usiku abiria wakisukumana. Toeni gurudumu la mbele na pedeli, geuzeni usukani ulale sambamba na fremu, kisha mfunge kila kitu kwa vipande vya tyubu kuukuu. Baiskeli ilale buti upande wa gia ukiwa juu. Nimenyoosha vyuma vingi vya gia vilivyopindwa na magunia ya watu, na kila mwenyewe huapa kwamba ameiweka vizuri.

Sasa barabara yenyewe. Msitarajie tambarare. Inapanda na kushuka bila kukoma, vilima vifupi vyenye hasira, minazi huku na huku, mikorosho na miembe mikubwa ambayo chini yake hamkosi mtu wa kuuza kitu. Mtapishana na watu wa baiskeli wanaofanya kazi kwelikweli: huyu na makuti yamemzidi kimo, yule na madumu manne ya maji. Mtazameni hasa mchukuzi wa mnazi, yaani tembo, pombe ya utomvu wa mnazi. Madumu yake hayafungwi kizibo kikakaza. Mdomo huzibwa kwa jani au kitambaa, kwa sababu tembo hilo linaendelea kuchacha njiani na ukilibana litapasua dumu. Povu humchuruzika kwenye karia mpaka kwenye spoki, naye wala hajali. Akiwa anashuka kilima, mpisheni. Breki zake ni nia njema. Na mkikaribishwa mnazi, subirini mfike mnakolala, maana ule wa asubuhi ni mtamu na humdanganya mgeni.

Hatari ya njia hii ni ukingo wa lami. Mahali pengi umeliwa na mvua, na kutoka lami hadi udongo kuna kina cha kiganja. Gari likiwapigia honi kutoka nyuma, msiteremke ghafla mkiwa kasini. Punguzeni kwanza, au mshike mstari wenu mpaka pawe sawa. Matatu na Probox huwa na haraka asubuhi na jioni. Katikati ya hapo mnaweza kuzungumza mkiwa mnaendesha.

Mavueni mtaingia barabara kuu, lakini ni kilomita chache tu kufika daraja la Kilifi. Laleni mjini. Kesho yake mkitaka Watamu, itabidi mrudi barabara kuu, kwa hiyo fanyeni iwe Jumapili na mwondoke alfajiri. Karibu na Gede msitu wa Arabuko-Sokoke utakuwa kushoto kwenu, nanyi mtakata kulia kwenda Watamu. Magofu ya Gede yako hapo hapo, yana kivuli kuliko hoteli yoyote.

Mmechagua mwezi wa nane, mmebahatika. Kusi bado inavuma, na inatoka kusini. Mkielekea Kilifi na Watamu itawasukuma mgongoni na begani. Wanaokwenda Januari, wakati wa kaskazi, waigeuze safari: waanzie Malindi washuke. Manahodha wa majahazi walijua hivyo karne nyingi kabla ya mtu kutengeneza gia. Mkikaidi mkarudi Mariakani kwa baiskeli mwezi wa nane, mtapambana na upepo uso kwa uso. Mkitaka lazima kurudi kwa njia nyingine, Kaloleni mchukue ya Rabai hadi Mazeras, mpandie basi hapo. Rabai kuna makumbusho madogo kwenye kituo cha misheni alichoanzisha mmisionari Krapf mwaka 1846. Mlinzi akiwa na nafasi, mwombeni awaeleze pia habari za kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, si za wazungu pekee.

Fundi, mimi huendesha Limuru na Tigoni kila wikendi na vilima havinitishi. Nilipokwenda Malindi, barabara nyoofu kama rula, nilikufa kabla ya saa nne asubuhi. Nina ugonjwa?
*Msomaji, Ruaka*

Huna ugonjwa, dada. Ulipigwa na vitu vitatu kwa pamoja, na hakuna hata kimoja kinachoonekana.

Cha kwanza ni jasho. Kule Tigoni jasho linakauka, na kukauka kwake ndiko kunakokupoza. Malindi hewa imeshashiba maji, kwa hiyo jasho linadondoka tu na joto linabaki mwilini. Moyo unagawanya damu, nusu iende miguuni, nusu iende kwenye ngozi ikapoe, na unahisi umepanda mlima hali umesimama kwenye bapa.

Cha pili, hewa ya usawa wa bahari ni nzito. Ukilinganisha na Nairobi, ambayo iko karibu mita 1,700 juu, imeshinda kwa karibu moja ya sita. Ukiwa kwenye kilima hilo halikusumbui kwa sababu mwendo ni mdogo. Kwenye tambarare, ambako karibu nguvu zako zote zinakwenda kuipasua hewa, unalilipia kila dakika. Ni kweli hewa hiyo ina oksijeni zaidi na mapafu yanafurahi, lakini joto hula faida hiyo mapema.

Cha tatu ni kwamba bapa halina mteremko. Tigoni unapanda, kisha unashuka umeketi unakula ndizi. Malindi hakuna kushuka, miguu inazunguka toka asubuhi, makalio yamekaa mahali pamoja. Kwa hiyo kila robo saa simama kwenye pedeli kidogo hata kama huhitaji.

Dawa: panda baiskeli saa kumi na mbili kunapopambazuka, uwe kivulini kufikia saa nne. Usinywe maji matupu. Tia chumvi kidogo, sukari na ndimu kwenye chupa moja, nyingine iwe maji ya kujimwagia kichwani na shingoni. Dafu ni zuri, ila halina chumvi ya kutosha kurudisha jasho la Malindi, kwa hiyo lifuatane na viazi karai au kitu chenye chumvi. Siku mbili za kwanza endesha kidogo tu, mwili ujifunze. Wengi hushuka basi na kuanza kushindana siku hiyo hiyo, kisha wanasingizia chakula.

Mimi na mwanangu wa miaka kumi na mitatu tungependa Kwale. Yeye anataka kuona wanyama, mimi nataka turudi salama.
*Mama msomaji, Buruburu*

Mama, pandeni basi linalofika Ukunda, mkaanzie hapo. Barabara ya ufuo ya Diani mkielekea kusini, Galu mpaka Kinondo, ndiyo ya kumfaa mtoto: fupi, ya bapa, na asubuhi haina watu. Mwambieni atazame juu, kuna ngazi za kamba zimefungwa kati ya miti ili mbega wavuke barabara bila kugongwa. Kaya Kinondo iko mwisho huko, ni miongoni mwa kaya zilizoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Unaingia na mwongozaji, umejifunga kaniki, na baiskeli inabaki nje.

Kilima cha Kombani kwenda Kwale mjini akiweza mwacheni ajaribu, ni kirefu na kina sifa. Ila msipitilize barabara ya Kinango asubuhi sana wala jioni. Inapita kando ya Shimba Hills, na tembo huvuka. Kuona palahala, swala wakubwa wenye pembe zilizopinda ambao Kenya hii wako Shimba tu, ingieni hifadhini kwa gari. Kati ya Likoni na Lunga Lunga msiendeshe na mtoto hata kidogo, magari ya mpakani hayana subira.

Nilirudi kutoka Lamu, baada ya wiki mbili cheni ikawa nyekundu. Nimeuziwa feki?
*Msomaji, Kasarani*

Pengine hukuuziwa feki, ni chumvi. Ukiwa Pwani, kila jioni pitisha maji baridi ya bomba kwenye cheni na gia, futa kwa kitambaa, kisha tone moja la mafuta kila kiungo. Usitumie mafuta ya kupikia, hata kama mwenye nyumba ya wageni amekupa kwa moyo mweupe. Ukifika Nairobi osha tena, na tazama ndani ya bomba la kiti, maana chuma hicho kikishika kutu ndani utanilipa nusu siku ya kukitoa.