Lenzi ya Chumba cha Giza kwenye Kamera ya Dijitali

SWALI: Ndugu Mshauri, marehemu baba yangu mdogo aliniachia mashine yake ya kukuzia picha pamoja na lenzi yake, EL-Nikkor ya milimita 50 yenye f/2.8 (namba ya f ni kipimo cha tundu la kupitisha mwanga). Chumba cha giza cha kusafishia picha za filamu sina, ila ninayo kamera ya Sony isiyo na kioo cha ndani. Nimeambiwa lenzi hiyo inaweza kufungwa kwenye kamera, lakini haina pete ya kufokasi. Je, itafaa, na nianzie wapi?

JIBU: Itafaa, ndugu msomaji, hasa kwa picha za karibu. Lenzi za namna hii ziliundwa kuhamisha picha kutoka filamu iliyo bapa hadi karatasi iliyo bapa, na ndiyo sababu huchora mistari iliyonyooka bila kuipinda na kuweka pembe za picha wazi kama katikati. Kwa kunakili nyaraka, stempu au negativu za zamani, mimi huichagua kabla ya lenzi nyingi za kawaida.

Pete ya kufokasi haimo kwa sababu mashine yenyewe ndiyo iliyoisogeza lenzi juu na chini. Kazi hiyo sasa utaipa helikoidi, yaani mrija unaorefuka na kufupika unapouzungusha. Hesi (mifereji ya skrubu) ya nyuma ya lenzi yako ina kipenyo cha milimita 39, na helikoidi nyingi zina hesi ya 42, basi tafuta pete ndogo ya kuziunganisha, kisha adapta nyembamba ya kuingia kwenye kamera. Helikoidi ya milimita 17 hadi 31 inatosha kuanzia, kwa kuwa kutoka mdomo wa kamera yako hadi kwenye sensa, yaani kibao kinachopokea picha, ni milimita 18 tu, na nafasi inayobaki hukuwezesha kufokasi hata vitu vya mbali. Wenye kamera za kioo hawana nafasi hiyo; kwao lenzi ya milimita 80 ndiyo yenye unafuu.

Ukishafokasi mbali, kila milimita 5 unazoisogeza lenzi mbele huongeza ukubwa wa taswira kwenye sensa kwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa halisi wa kitu. Ili stempu itue kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi, utahitaji milimita 50 nzima, na hapo ongeza mirija ya kawaida isiyorefuka, kati ya helikoidi na kamera. Ukivuka kipimo hicho, igeuze lenzi, sehemu yake ya nyuma ielekee kwenye kitu.

Kuna jambo moja lililonisumbua wiki nzima. Picha zangu za kwanza zilikuwa na ukungu mweupe katikati, nami nikadhani vioo vimeota kuvu. Kumbe baadhi ya lenzi hizi zina kidirisha kinachopitisha taa ya mashine ili namba za f zisomeke gizani, na kwenye kamera mwanga wa nje huingilia hapohapo. Kama yako inacho, kizibe kwa utepe mweusi kuzunguka sehemu ya nyuma.

Mwisho, ruhusu kwenye menyu kamera ipige bila lenzi, funga tundu hadi f/5.6, uweke kamera kwenye miguu mitatu. Kwa picha za karibu sana, iache helikoidi ilipo, uisogeze kamera yenyewe polepole hadi kitu kionekane wazi.