Konseli ana nguvu gani?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mwanangu baharia anazuiliwa na polisi bandari ya ugenini. Tumeambiwa tumtafute konseli. Binti yangu wa kidato cha pili anasema makonsuli walikuwa watawala wa Roma. Huyu wetu anaweza kumtoa? (Mama wa Dunda, Bagamoyo)

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana. Konseli ni ofisa wa nchi yako anayekaa ugenini kuwasaidia raia wake, lakini kumtoa mtu kwa amri hawezi. Binti yako kasoma sawa, konseli na konsuli ni jina moja, ila zile nguvu zilikwisha zamani.

Warumi walipomfukuza mfalme wao, mwaka 509 kabla ya Kristo kwa hesabu yao, hawakutaka tena nchi ishikwe na mtu mmoja. Walichagua makonsuli wawili kwa mwaka mmoja tu. Waliongoza majeshi, lakini kila mmoja aliweza kuzuia amri ya mwenzake. Hapo nawavulia kofia. Walipokuja makaisari, cheo kikabaki heshima tu.

Jina likadakwa na miji ya bandari ya Italia, Genoa na Pisa. Wafanyabiashara wao waliokaa ng'ambo walikuwa na konsuli wa kuwaamulia kesi na kuwasemea kwa mtawala wa huko. Huyo ndiye babu wa konseli unayemtafuta.

Hapa kwetu kazi yake ilionekana Februari 1874. Susi, Chuma na wenzao walipoufikisha Bagamoyo mwili wa bwana wao Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uingereza, kaimu konseli wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar ndiye aliyeleta meli kuuchukua.

Sasa mwanao. Mkataba wa Vienna wa 1963, ule wa mataifa kuhusu kazi za makonseli, kifungu cha 36, unawataka waliomkamata wamwambie bila kuchelewa kwamba ana haki konseli wake aarifiwe. Akiomba, lazima waarifu. Konseli anaruhusiwa kumtembelea, kuzungumza naye na kumtafutia wakili. Kwa hiyo leo hii piga simu Wizara ya Mambo ya Nje. Uwe na jina lake kamili, namba ya pasipoti, jina la meli na bandari. Usingoje mtu wa kukupeleka Dar.

Mdogo wangu naye alikuwa baharia, akakaa rumande ugenini siku kumi na moja. Mpaka leo akisimulia, kesi huipitia juu juu. Anachokirudia ni asubuhi ile mlango ulipofunguliwa, mtu asiyemjua akaingia na kumwambia, "Hujambo, ndugu yangu? Umekula?"