Sukuma wiki kugeuka manjano
Dada, umeuliza mbona sukuma ya soko la Kibuye, hapa Kisumu, inageuka manjano kufika jioni, na ya Nakuru ilikuwa inakukalia siku mbili. Usimlaumu mama mboga, ni joto la Kisumu. Jani likishachumwa bado linapumua: linachoma sukari yake, na gizani haliwezi kutengeneza nyingine; sukari ikipungua, linazeeka na kugeuka manjano. Joto likipanda nyuzi 10, kasi ya kupumua huongezeka karibu maradufu. Tia mkono katikati ya gunia lililoshindiliwa usikie lile fukuto. Ni majani yenyewe yanajipasha. (Mmea ulio shambani, joto likidumu siku kadhaa, mara nyingi hujizoesha na kupunguza kasi ya kupumua.) Ukifika nyumbani fungua mafungu, tandaza kivulini, funika kwa kitambaa kibichi.