Tangazo lililoingia katikati ya Yasin

Swali la gazeti lenu wiki hii linasema: "Je, ungekubali gari lako likuoneshe matangazo kwenye skrini, mradi upunguziwe bei wakati wa kulinunua?" Mkatoa mfano wa wenye Jeep kule Marekani. Mapema mwaka 2025 walilalamika kwamba gari likisimama tu skrini inajaa tangazo la kuuziwa dhamana ya nyongeza, na kampuni mama, Stellantis, ikajibu kuwa kulikuwa na hitilafu ya programu iliyowazuia wateja wachache kujitoa papo hapo. Nilisoma nikacheka. Sisi tunaonunua gari lililokwisha kula kilomita laki moja huko Japani, nani atatupunguzia bei ili tutazame matangazo? Halafu nikamkumbuka shangazi na khanga yake, kicheko kikakatika. Ndiyo maana naandika.

Kwanza niseme wazi: hapana. Sitaki.

Ila niseme pia kwamba skrini ya gari haijawahi kuwa yangu hata siku moja. Toyota yangu ya kwanza ilikuja na dada wa Kijapani ndani yake. Kila asubuhi nikiwasha, anasema maneno yake kwa adabu, na wanangu kule nyuma wanamwitikia, "Marahaba!" Zaidi ya mwaka tuliamini anatusalimu. Fundi umeme mmoja ndiye aliyetufumbua macho: anasema kadi ya ETC haijachomekwa, yaani ile kadi ya kulipia barabara za kulipia za kwao. Redio nayo ilikuwa inaanzia 76 na kuishia 90, kama zilivyokuwa redio za magari ya Japani, kwa hiyo stesheni zetu nyingi hazikamati mpaka ununue ekspanda, kile kifaa cha kuziwezesha zikamate. Na ole wako utoe betri: skrini inajifunga, inaomba namba ya siri kwa maandishi ambayo hata hujui yanasomwa kuanzia upande gani. Tuliyavumilia yote hayo. Yule dada hakuwa akiuza kitu.

Zikaja redio za Android. Mpwa wangu aliipeleka Toyota Noah yake Shaurimoyo, jijini Dar, fundi akang'oa ya Kijapani akapachika skrini pana, imetokeza kwenye dashibodi kama televisheni ya kibanda umiza. Unawasha hotispoti ya simu, redio inapata intaneti, unapakua programu za bure. Alikuwa na furaha kama mtoto. Ramani ipo, mpira upo, visomo vipo, vyote bure.

Kaka yangu alifariki Dar usiku wa kuamkia Jumamosi, na maziko yalipangwa Muheza baada ya alasiri. Maiti ilitangulia na wanaume kwenye Coaster. Mimi niliachwa niwasindikize kina mama na Noah ya mpwa: yeye kwenye usukani, mimi pembeni yake, nyuma shangazi, dada wa baba yetu, aliyeshavuka themanini, pamoja na dada zangu watatu. Tulipita Chalinze hakuna anayeongea. Mbele kidogo ya Wami shangazi akasema, "Mwanangu, tuwekee Yasin." Mpwa akagusa hapa na pale, kisomo kikaanza. Msomaji alikuwa na sauti ya upole. Nakumbuka niliegemeza kichwa dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu usiku ule kifua kikalegea.

Tulikuwa tunakaribia Mkata. Kisomo kikakatwa katikati ya aya, msomaji hajavuta hata pumzi, zikaingia tarumbeta. Halafu kijana anapiga kelele kama mtangazaji wa mpira aliyeona goli la dakika ya tisini: suka mkeka, shinda mamilioni, bonasi kwa mteja mpya! Skrini nzima ikawa njano na kijani, sarafu zinamwagika kutoka juu.

Kubeti. Katikati ya Yasin. Tunakwenda kuzika.

Mpwa alinyoosha kidole azime. Hapakuwa na pa kuzimia. Pembeni juu kulikuwa na hesabu inashuka, 5, 4, 3, na alama ya kufungia ingekuja hesabu ikiisha, nayo ndogo kama punje ya ufuta. Ilipotokea tukapanda tuta, kidole kikagusa pengine, ukafunguka ukurasa wa kujisajili unaoomba namba ya simu, na tarumbeta zikaanza upya. Redio hizi nyingi hazina kitasa cha kuzungusha upunguze sauti. Kila kitu ni kugusa, na pa kugusa ndipo palipofunikwa na tangazo. Macho ya mpwa yako kwenye skrini, gari linahama taratibu kuelekea katikati ya barabara, na mbele yetu linakuja lori la mafuta linatuwashia taa. "Tazama mbele, mjomba!" nikampigia kelele mpwa. Akarudi upande wetu. Nilisikia upepo wa lori kwenye vioo.

"Nani huyo?" shangazi akauliza.

"Tangazo, bibi."

"La nini?"

Mpwa alimeza mate. "La... mpira, bibi."

Shangazi si mtoto. Alijivua khanga ya juu akanipitishia begani. "Mfunike," akasema. Hakusema "lifunike". Nikamfunika. Nilibana pindo moja kwenye tundu la upepo, jingine likaning'inia, na khanga ikajipanga yenyewe kiasi kwamba jina lake likaanguka katikati kabisa ya skrini, linamulikwa na ule mwanga wa njano kwa nyuma: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Aliyeanza ni dada yangu mdogo. Alijiziba mdomo, mabega yakatikisika, nikadhani analia. Akafuata mwingine. Mwisho gari zima tulikuwa tunacheka na machozi yanatoka, na chini ya khanga yule kijana bado anahimiza watu wasuke mkeka. Mpwa akaegesha pembeni, akazima injini. Ndipo yule kijana wa tangazo aliponyamaza.

Kuanzia hapo mpaka Segera tulikwenda kimya, hakuna aliyethubutu kuiwasha. Segera tulisimama kidogo. Mnajua kunavyokuwa pale: gari halijasimama sawasawa, dirisha limeshajaa ndoo, mabeseni, korosho, maji. Kijana wa machungwa alifika wa kwanza, mdomo uko wazi tayari kutaja bei. Akamwona shangazi, akaona na macho yetu. Mdomo ukafungwa. "Poleni sana," akasema, akageuka akawapungia wenzake mkono, nao wakarudi nyuma. Alibaki amesimama hatua mbili kutoka kwetu na ndoo yake, hauzi, haondoki. Dada yangu ndiye aliyemwita: "Lete ya elfu mbili." Kununua machungwa Segera na huku unakwenda Muheza, kwenye machungwa yenyewe, wenye kuijua Tanga wataelewa huo ni uwendawazimu wa namna gani. Tuliyala yote kabla hatujafika.

Naona nimeandika sana juu ya safari na mlichouliza ni skrini. Lakini sijui namna nyingine ya kulijibu swali lenu. Sina ugomvi na tangazo. Nimepanda mabasi ya mikoani enzi za stendi ya Ubungo, mtu wa dawa anasimama kati ya viti anatuuzia dawa moja inayotibu minyoo, jino na mgongo, na ukimwambia "Kaka, nimechoka, nina mgonjwa," anahamia viti vya nyuma. Ana macho. Skrini haina.

Na wanaotaka kuipa macho wananitisha zaidi. Mwaka 2024 lilichapishwa ombi la hataza (haki ya kumiliki ubunifu) la kampuni ya magari ya Ford, la mfumo ambao ungeweza kusikiliza maongezi ya waliomo garini ili kuchagua matangazo ya kuwaonesha. Kampuni ikasema kuomba hataza si kusema kwamba kitu kitatengenezwa, na sina sababu ya kubisha. Nimejaribu tu kuwaza gari la namna hiyo siku ile. Pengine lingetusikia, likajua kuna msiba, likanyamaza kama kijana wa Segera. Au lingetuletea matangazo ya sanda, mahema na sahani za kukodi. Hilo la pili lingeniuma kuliko hata la kubeti.

Sasa nikiwa mkweli, na hapa ndipo msimamo wangu unapoanza kulegea, kosa la siku ile halikuwa la skrini peke yake. Programu ile ilikuwa na toleo la kulipia lisilo na matangazo. Mpwa alikuja kulilipia wiki hiyohiyo, kwa pesa isiyofikia mafuta ya kwenda Kibaha. Tulitaka Yasin ya bure, mtu mwingine akailipia, naye akataka dakika yake. Tena mimi mwenyewe, ambaye ukurasa mzima nalia, nasoma gazeti lenu hili bila kulipa, na matangazo yako pembeni hapo nayaona.

Basi jibu langu ni ndiyo. Ningekubali. Lakini punguzo lenyewe liwe la maana, liguse walau ule ushuru wa bandarini, si la kuninunulia pafyumu ya gari. Tangazo lisiwe na sauti. Lisiifunike ramani wala kamera ya nyuma. Lisinisikilize ninapoongea na mke wangu. Pawe na kitasa cha kweli cha kuzungusha, cha plastiki, ambacho mzee wa themanini anaweza kukizima bila miwani. Na lije gari likiwa limesimama. Lakini hapo tuelewane, maana kwa foleni za Dar gari husimama kutwa nzima. Kusimama maana yake hendibreki juu.

Mke wangu amesoma mpaka hapa akaniuliza, "Kwa hiyo umeshauza, umebaki kutaja bei tu?" Sijampa jibu.

Noah bado ipo na skrini yake ileile. Shangazi hupandishwa akienda kliniki, na kabla hajakaa huinamisha kichwa dirishani akauliza, "Yule yumo?"

"Nimeshamlipia, bibi, hasemi tena."

Anapanda, anafunga mkanda, na khanga ya juu anaikunja anaiweka mapajani.