Huna chombo? Bahari haijakufungia mlango

Nilishuka Mtwara nikitoka Masasi, mtu wa mikorosho, bahari naijua kwenye picha tu. Kila niliyemwambia nataka kuvua aliniuliza: chombo unacho? Nikisema sina, ananipa pole. Miezi mitatu nikahangaikia mkopo wa mtumbwi ambao hata kuupiga kasia ukanyooka nisingeweza. Wewe usiipoteze hiyo miezi. Wavuvi wengi unaowaona Feri, pale soko la samaki, wakishusha samaki hawamiliki hata ubao mmoja wa chombo walichorudi nacho. Chombo kina mwenyewe, amri ni ya nahodha, mabaharia wanakwenda kwa mgao. Kinachotafutwa ni nafasi ya kukaa, na nafasi hainunuliwi.

Kabla hujaiomba, yajue maji. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: yanapwa sana mnamo saa nne, asubuhi na usiku, na kujaa mnamo saa kumi. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka, saa nne ndiyo yamejaa, na hayo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Kwa mtu wa mshipi, yaani anayevua kwa uzi na ndoana, hili ni jambo kubwa. Siku ya bamvua mkondo ukishika kasi, chubwi, ile risasi ya kuzamisha ndoana, ikiwa nyepesi haifiki chini, mshipi unalala juu kama kamba ya kuanikia nguo. Nahodha akikuuliza "leo maji yakoje?" ukaanza kutazama angani, ameshajua wewe ni wa wapi.

Mazoezi fanyia ufukweni. Mshipi wa nailoni uliozungushwa kwenye chupa ya plastiki, chubwi, ndoana chache, vipande vya ngisi, basi. Kumbuka ndoana ndogo namba yake inapanda: namba 10 ni ndogo kuliko namba 6. Mimi nilinunua kinyume, nikakaa kwenye mawe ya ufukwe wa Shangani siku nzima na ndoana kubwa kuliko midomo ya samaki wa pale. Kidole chako ndicho kinachosoma. Changu hudonoa, huacha, hurudi. Chewa hubeba mara moja na kukimbilia shimoni, na ukizubaa amekwenda na mshipi. Ukipata tasi, usimshike hovyo, miba yake ina sumu. Ikikuchoma, tia mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, maumivu yatapungua.

Sasa nafasi. Wageni wengi huenda kuomba jioni, watu wanapakia mafuta na barafu, kila mtu ana haraka. Nenda asubuhi, vyombo vinaporudi. Shika kamba, saidia kuvuta, beba tenga, osha chombo, usiombe samaki. Ukipewa kitoweo, pokea, shukuru, kesho rudi. Siku ya tisa mzee mmoja, nahodha, aliniambia, "Kijana, usiku njoo na ndoo." Nikafurahi, kumbe ndoo ni ya kufulia maji, kuyachota yanayoingia chomboni na kuyamwaga nje. Safari yangu ya kwanza sikugusa mshipi kabisa, nilifua maji na kutapika, kwa zamu. Lakini nilirudi usiku uliofuata, na hicho ndicho alichokuwa anakitazama.

Mwezi mzuri wa kubisha hodi ni Oktoba. Korosho zinaanza kudondoka, na baharia mwenye mikorosho yake huko kijijini huiacha bahari kwa wiki kadhaa. Chombo hakiwezi kulala kwa ajili ya korosho za mtu.

Ukishapanda, mwenzako akipata samaki mkubwa, vuta mshipi wako haraka, msije mkafungana. Jaketi okozi vaa, wakicheka wacha wacheke. Na yote hayo ni madogo mbele ya hili: mwamba wenye samaki ni siri ya nahodha. Yeye huupata kwa kupanga alama za nchi kavu, mnazi huu uguse mnara ule, na amechukua miaka kuzijua. Mimi, tukinywa kahawa, nilimsimulia rafiki yangu mahali tulikopata kolekole. Kesho yake tulikuta vyombo vitatu vimetia nanga palepale. Mzee hakunigombeza. Tulivua, tukarudi, na usiku uliofuata nafasi yangu ilikuwa imekaliwa. Nilikaa nchi kavu wiki mbili nikiosha vyombo vya watu wengine. Usisimulie, usipige picha yenye ufukwe nyuma, na simu yako isihifadhi mahali hapo.

Kuhusu mgao, uliza kabla hujapanda, kwa adabu, ukimwuliza baharia mkubwa na si mwenye chombo. Kwanza hutolewa mafuta, barafu na chambo. Kinachobaki hugawanywa, na kila chombo kina desturi yake: nimekuta nusu kwa nusu, nimekuta chombo kinahesabiwa kama watu wawili na mashine, yaani injini, kama mtu mmoja.

Pitia pia kwa ofisa uvuvi na BMU (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) ya mwalo wako, pale vyombo vinaposhusha samaki, kuhusu leseni, na ukielekea Msimbati ulizia mipaka ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ipo tangu mwaka 2000 na ina masharti yake. Chombo chenye baruti ya kulipulia samaki, shuka, hata kama mmeshaanza kung'oa nanga.

Ukianza kuweka akiba, usikimbilie chombo. Hesabu ya mgao hulipa vifaa pia, kwa hiyo nunua kile ambacho chombo hakina. Sisi watatu tulichanga tukanunua sanduku kubwa la barafu, maana mzee alikuwa anauza samaki waliolegea kwa bei ya kutupa. Sasa sanduku lina fungu lake kwenye mgao, na mimi nina theluthi ya fungu hilo juu ya langu la ubaharia. Kinachofuata ni mashine ya mkono wa pili. Mzee ameshaniuliza mara mbili kama nimeiona.